Kaunta ya fomaika haitupwi ovyo

Kila anayeingia jikoni kwangu ana ushauri kuhusu kaunta yangu. Shemeji anasema ng'oa, weka graniti. Jirani wa juu anasema bandika vigae, mbona yeye kabandika na anapika kama kawaida. Mdogo wangu, ambaye sijawahi kumwona ameshika hata bisibisi, alinitumia video ya ile sitika yenye picha ya marumaru inayouzwa kwa mita. Unaibandika juu ya balaa lote, unapiga picha, kazi imekwisha.

Mimi mpangaji, huku Tabata. Kaunta ni ya mwenye nyumba, na mzee yule ni mtu wa kauli moja: "Ukiharibu, tengeneza." Basi natengeneza. Napika kwa oda, sambusa, chapati, katlesi, keki zikitokea, kwa hiyo ile kaunta inachapwa kuanzia alfajiri. Inamegeka, inaungua, inalowa. Kuibadilisha yote maana yake ni kung'oa sinki, kufungua mabomba na kusimamisha oda. Kwa tundu la upana wa ukucha? Hapana.

Ukiikata fomaika ukaitazama ubavuni, utakuta ni karatasi tupu. Kiwandani wanachukua karatasi za kaki, tabaka kadhaa, wanazilowesha kwenye resini ya fenoli. Juu yake wanalaza karatasi moja yenye picha, ya mbao au ya graniti, iliyoloweshwa resini ya melamini, kisha zote zinabanwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka zinakuwa shiti moja ngumu. Unene wake kwa kawaida haufiki milimita moja. Toa kadi ya benki uishike, ndio unene wenyewe huo. Shiti ile ndiyo inayobandikwa juu ya chipubodi au MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, na ikishabandikwa watu wote wanaiita kaunta, kana kwamba ni kitu kimoja.

Ni vitu viwili, na tabia zao hazifanani. Fomaika yenyewe ni sugu: maji hayaisumbui, mafuta unayafuta, kisu kinaikwaruza tu. Chipubodi ya chini yake ni chenga za mbao zilizogandamizwa na gundi. Ikinywa maji, zile chenga zinajitanua, gundi inaachia, na hata ukiikausha miezi sita hairudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana mimi kabla ya kuuliza kovu litaonekana au halitaonekana, nauliza maji yanaweza kupita hapa? Yakipita, leo hii naziba, hata kwa ubaya. Yasipopita, naweza kulikalia mwaka mzima.

Kujua ni rahisi. Washa tochi ya simu, inama, chungulia ndani ya tundu. Ukiona kahawia iliyokolea, ngumu, ukiigusa kwa sindano haimeguki, bado uko kwenye zile karatasi za kaki, ubao haujafikiwa. Ukiona chenga nyepesi zenye rangi ya mbao, na sindano ikizigusa zinatoka, umeshafika kwenye ubao. Hapo usifute kwa kitambaa kibichi, usimwage sabuni. Kausha kwanza. Feni inatosha. Ukiwa na draya ya nywele, iweke kwenye joto la chini na uishike mbali kidogo.

Kona yangu ya karibu na jiko ilikuwa imefika kwenye ubao. Mchi wa kinu ulianguka ukaigonga, kikaruka kipande cha upana wa kidole gumba, na kile kipande chenyewe hakikuonekana tena. (Ukikiona chako, kiokote! Kipande cha asili kikirudishwa kwa gundi kinashinda ufundi wote ninaouandika hapa.) Nilitumia ile gundi ya mabomba mawili unayochanganya, ambayo madukani wengi wanaiita araldaiti hata kama ni ya kampuni nyingine. Ziko za aina mbili, ya dakika chache na ya polepole. Chukua ya polepole. Ile ya haraka kwa joto letu la Dar inakuwa imeganda kabla hujamaliza kukuna kichwa kuhusu rangi.

Rangi nayo si ya kutafuta mbali. Duka la vifaa vya ujenzi linauza oksaidi ya unga, ile wanayowekea sakafu za saruji, nyeusi, nyekundu na ya njano. Kaunta yangu ni ya kijivu yenye vidoadoa vya kuigiza graniti, kwa hiyo nilihitaji nyeusi tu, kiasi kinachoshikwa na ncha ya kijiti cha meno. Nikaongeza poda ya mtoto, ambayo inaufanya mchanganyiko uwe mzito usitiririke, na inaupa weupe kidogo. Utaratibu wangu ni kwanza kuchanganya yale mabomba mawili kwa kiasi sawa, sawa kabisa, kwa sababu upande mmoja ukizidi, gundi inabaki inanata mpaka Krismasi. Ikishachanganyika vizuri ndipo rangi inaingia, kidogo kidogo. Lenga iwe nyeusi kuliko kaunta kwa kiasi kidogo. Kiraka cheusi kidogo jicho linakihesabu kama kidoadoa kimojawapo, lakini cheupe kinaita macho ya wageni tangu mlangoni.

Sasa kona haina ukuta wa kuishikilia gundi. Nilibandika selotepu pana, ile ya kufungia maboksi, upande wa mbele na upande wa pembeni, nikaibana ikakaa wima na kusimama kama ukingo wa ile kona iliyoondoka. Gundi haishiki vizuri kwenye selotepu, kwa hiyo ikikauka unaivua tu. Juu ya kaunta, kuzunguka tundu, nikabandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Nikajaza kwa kijiti, nikichomachoma ili hewa itoke, nikaacha imezidi juu kidogo, maana gundi ikikosekana utarudia kazi, ikizidi unaipunguza. Iliyomwagika nje nikaifuta hapo hapo kwa kitambaa chenye spiriti.

Kuipunguza ndiko kwenye utamu. Watu wanakimbilia msasa. Msasa kwenye fomaika ni msiba, kwa sababu ile picha ni karatasi moja iliyo juu kabisa, na msasa hauchagui. Ukisugua kiraka umesugua na jirani zake, na ule mng'ao ukiondoka haurudi. Subiri gundi ifike hatua ambayo haishiki kidole tena lakini ukucha ukiukandamiza unaacha alama. Kwa ile ya polepole ni saa kadhaa, inategemea na joto la siku hiyo. Hapo chukua wembe mpya, ulaze karibu kulala kabisa juu ya ile tepu ya karatasi, uuvute taratibu kuelekea katikati ya kiraka. Inatoka ngozi nyembamba, nyororo, inajikunja. Ukisikia wembe unakwaruza ngumu, umechelewa. Ukiona gundi inavutika na wembe, umewahi, kaendelee na mapishi urudi. Tepu inavuliwa mwishoni, na ule unene wake uliobaki unakatwa kwa mkupuo mmoja wa mwisho, mwepesi sana. Usiku huo usiweke kitu hapo. Kesho yake kona ni ngumu, haipitishi tone, na hata mkwe wangu aliyekuja kutoka Tanga, mwenye jicho la kuona vumbi juu ya mlango, alipita nayo bila neno.

Ukingo wa mbele ulikuwa hadithi nyingine. Ule utepe mwembamba unaofunika ubavu wa ubao ulikuwa umeachia mbele ya sinki, mahali tumbo la mtu anayeosha vyombo linapogusa na maji yanapochuruzika. Kama utepe wako ulibandikwa kwa gundi ya kuyeyuka, ile ya kiwandani, una bahati. Washa pasi ya kawaida isiyo na mvuke, joto la wastani, weka kitambaa kikavu katikati, pitisha mpaka gundi ilainike, kisha kandamiza kwa kipande cha mbao mpaka ipoe. Usiondoe mbao mapema. Gundi ile inashika inapopoa.

Wangu haukuwa na bahati hiyo. Ulikuwa umebanduka, umekunjika na umevunjika mahali. Nikapanda daladala mpaka Keko, kwenye karakana za samani, nikiwa na kipande cha utepe wa zamani ndani ya pochi. Mafundi wa kule wakikata shiti za futi nane kwa nne hubaki na vipande vyembamba ambavyo kwao ni takataka. Ukiomba kwa adabu unauziwa kwa bei ya soda. Fundi mmoja aligeuza kipande changu mara mbili.

"Dada, rangi hii haipo tena."

"Basi kaka, nipe inayokaribia."

"Inayokaribia ndiyo itakayokuudhi kila siku. Chukua nyeusi tupu, ivalishe mbele yote, huku mpaka kule. Watu wataona ulikusudia."

Huyo fundi ana akili kuliko magazeti yote ya mapambo ya nyumba. Nilichukua nyeusi.

Kuibandika kunataka gundi ya kontakti, hii ya rangi ya njano wanayotumia mafundi viatu. Kabla hujafungua kopo, zima jiko na ufungue madirisha. Mvuke wake unashika moto, na kichwa nacho kitauma. Kama kuna mkaa unawaka mlangoni kwa jirani, mwambie asogee. Kwangua gundi ya zamani yote kwa patasi au kisu butu, futa vumbi, pakaza gundi mpya pande zote mbili, kwenye ubao na kwenye mgongo wa fomaika, nyembamba na sawasawa. Halafu usiguse. Subiri mpaka kidole kikigusa hakinati. Ubavu wa chipubodi unakunywa gundi, kwa hiyo huo upakaze mara ya pili. Wakati wa kubandika anza mwisho mmoja, ukielekea wa pili, polepole, kwa sababu pande hizo zikishagusana ndiyo ndoa, hakuna kusogeza. Mti wa kusukumia chapati ulifanya kazi nzuri ya kukandamiza. Kipande ukikate kipana kuliko ubao kwa milimita mbili tatu, kilichozidi ukiondoe kwa tupa, ukisukuma kuelekea kwenye ubao tu. Ukiivuta tupa kuja kwako unaibandua fomaika uliyoibandika sasa hivi.

Madoa sitayasemea sana, hayapitishi maji. Bizari ya manjano ndiyo kinara. Paka uji wa baking soda na maji, acha dakika chache, futa kwa kitambaa laini, na kinachobaki kiachie jua la dirishani, kwani rangi ya manjano haivumilii mwanga na inafifia yenyewe. Jiki usiiache ikalala juu ya kaunta, inafubaza. Na ile waya ya kusugulia masufuria iishie kwenye masufuria. Dada wa kazi wa jirani aliisugulia kaunta nzima kwa nia njema kabisa, sasa kila uchafu unanasa kwenye ile mikwaruzo. Mikwaruzo ya kisu ambayo haijafika kwenye ubao mimi naiacha. Nimesikia kuna wanaopaka kiwi ya viatu. Kwenye kaunta ninayosukumia chapati? Asante.

Alama ya moto ni jambo lisilo na dawa. Sufuria iliyotoka motoni ikikaa pale, resini inaungua, inakuwa ya kahawia, na hakuna wa kuirudisha. Kama ni uvimbe tu, fomaika imenyanyuka lakini rangi haijabadilika, ni gundi ya chini iliyoachia, na pasi juu ya kitambaa ikifuatiwa na kitu kizito mpaka ipoe mara nyingi huilaza. Iliyoungua kabisa inataka kufunikwa au kukatwa. Yangu iko pembeni mwa jiko, duara la chini ya sufuria ya mafuta, na ilikuwa imeanza kupasuka, maana yake maji yameshapata njia. Nilinunua kigae kimoja kikubwa cha sakafuni, cha kijivu, nikakilaza juu yake kwa silikoni na kukizungushia silikoni pande zote. Sasa masufuria ya moto yanatua hapo. Jirani wa juu alipokiona alishangilia kana kwamba nimesilimu. Nikamwambia ni kimoja, na hakitaongezeka.

Ile sitika ya marumaru niiseme sasa. Inapendeza, sikatai, na kwa mlango wa kabati haina neno. Tatizo lake kwenye kaunta ni kwamba haizibi. Kwenye maungio na pembeni mwa sinki maji yanaingia chini yake, yanakaa, wewe huyaoni, na ubao unaendelea kunywa. Nimewahi kusaidia kuibandua ya mtu. Chini yake kulikuwa na ukungu mweusi na chipubodi iliyovimba kama andazi. Tundu dogo ambalo lingezibwa kwa gundi kiduchu lilikuwa limegeuka kaunta mpya.

Sinki ndilo linaloua kaunta nyingi. Fundi anayetoboa tundu la sinki anakata ubao, analitumbukiza sinki, anazungushia silikoni juu, anaondoka. Ule ubavu uliokatwa, chipubodi mbichi kabisa, unabaki uchi chini, unanyeshewa na kila tone. Ingia kabatini na tochi, utaona. Wangu ulikuwa umevimba upande wa bomba, kiasi kwamba juu ya kaunta ukipitisha kiganja unahisi kilima.

Kilima hakiondoki, nilishasema. Kinachowezekana ni kukizuia kisikue. Nilianza na kutafuta maji yanakotoka, kwa kupitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila ungio la bomba, moja baada ya jingine, na tishu ilipolowa nikajua ni nati ya bomba la maji ya kuingia, ikakazwa. Kisha nikaacha milango ya kabati wazi na feni ikipuliza humo. Kazi hii ifanye kipupwe, kuanzia Juni, hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika utasubiri bure. Ubao ulipokauka nikaondoa chenga zilizolegea kwa brashi kavu, nikapaka rangi ya mafuta kwenye ule ubavu uchi, mikono miwili, nikiuacha mkono wa kwanza ukauke. Rangi yoyote ya mafuta iliyobaki stoo inafaa, hakuna atakayeiona. Gundi nyeupe ya mbao usiitegemee hapa, nyingi ya aina hiyo inalainika kwenye maji.

Juu, silikoni ya zamani inatoka yote. Yote, mpaka kile kiwingu kinachobaki ukishaivuta, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya iliyokwisha kukauka. Wembe, subira na spiriti. Baada ya hapo mstari mmoja usiokatika kuzunguka sinki, unaulainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, na jikoni kunanuka siki mpaka kesho. Bomba lisifunguliwe siku nzima. Wa kwangu waliosha vyombo bafuni wakanuna, wakazoea.

Kile kilima kipo bado, na mwenye nyumba ameshakioneshwa kwa picha, ili siku ya kukabidhiana funguo asije akasema hakujua.

Zile gundi za mabomba mawili zilizobaki nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo, kila bomba na kifuniko chake kikiwa na alama ya kalamu. Ukivifunga vifuniko kwenye bomba lisilo lake, hata mara moja, vinagandana na bomba na hutavifungua tena, na kona ya pili ya kaunta yangu, ile ya upande wa friji, nayo imeshaanza kupata ufa.